Aliyeacha Chupa kwenye Benchi

Ilongero, Jumamosi alasiri

Mwanangu Salma,

Shikamoo yako ya asubuhi niliipokea na marahaba nilikuitikia, kwa hiyo salamu tumemaliza. Nimekaa hapa kibarazani na daftari, na mtu akiniuliza nasema naandika orodha ya mbegu za alizeti. Hakuna orodha. Wewe na mama yako mko ndani mnafunga mizigo yako ya kesho, na tangu mchana sijasikia mmoja wenu akimwambia mwenzake zaidi ya "shika hapa".

Mambo ya kuchemsha maji, ya kufunga mlango, ya kumheshimu mwalimu mkuu, yote nayaruka. Una miaka ishirini na sita, umesomea ualimu, una mume anayekusubiri Misigiri na mtoto wa mwaka na nusu mgongoni. Nikianza leo kukufundisha kuchemsha maji utanicheka, na utakuwa na haki. Isitoshe mimi ni mtu aliyetoa maagizo maisha yake yote, na mengi yalikuwa takataka. Utaona.

Nataka kuandika juu ya lile neno ulilolisema Alhamisi.

Unakumbuka. Mama yako alikuwa uani anachagua mawe kwenye uwele, Nasra wako anamzunguka na kuiba punje. Akakuambia bila kuinua kichwa, "Salma, nimefikiri nikusindikize Misigiri. Nikae hata miezi mitatu, mpaka uizoee shule." Ukamjibu umeshapata mama mmoja wa hukohuko atakayekaa na mtoto. Akasema, "Mtu baki, na mimi nipo?" Ndipo ukasema, taratibu kabisa, kama mtu anayesoma tangazo: "Mama, nisamehe, siwezi kukuachia mtoto. Wewe ndiye uliyeacha ile chupa kwenye benchi."

Mama yako akachukua konzi nyingine ya uwele akaendelea kuchagua. Mimi nilikuwa pale pale, hatua nne kutoka kwenu, natengeneza bomba la kupulizia dawa. Nilikuwa nakaza skrubu. Ilikuwa imeshakaza zamani, lakini niliendelea kuikaza mpaka ukaingia ndani. Hicho ndicho nilichofanya, Salma. Mzee mzima mwenye mvi mpaka kwenye nyusi, anakaza skrubu.

Hadithi ya chupa umeisikia tangu ukiwa mdogo. Ulikunywa dawa ya kupe, mama yako mzembe aliiacha nje, baba akakukimbiza hospitali, ukapona, kifua kikabaki kibovu. Ni hadithi nzuri, fupi, ina mwenye kosa na ina shujaa. Imesimuliwa vizuri sana na watu ambao hawakuwepo. Sasa msikilize aliyekuwepo.

Wakati ule, wewe ukiwa na umri wa Nasra wa leo, mimi nilikuwa naitwa Dokta. Najua wapo wazee mnadani wanaoniita hivyo mpaka leo, na wewe ulikuwa unajivunia ukiwa darasa la pili. Udaktari wenyewe ulikuwa semina ya siku tatu mjini Singida, siku moja na nusu kati ya hizo tukila chakula. Tulipewa cheti. Nilikitia kwenye fremu ya kioo nikakitundika sebuleni juu ya redio, na mgeni akiingia nilihakikisha anakaa mahali ambapo lazima akione. Mtu hajui kutofautisha homa ya ng'ombe na shibe, ana fremu.

Kazi yangu ya kweli ilikuwa kuuza dawa ya kuogeshea mifugo. Nilinunua dumu kubwa kwenye duka la pembejeo, nikija hapa namimina kwenye chupa za soda za plastiki, kwa sababu mtu mwenye ng'ombe watatu hana haja na dumu zima. Siku ya mnada napanga chupa zangu kwenye turubai. Ile karatasi ya maelezo, yenye picha ya fuvu na maandishi mekundu, ilibaki kwenye dumu nyumbani. Mteja wangu alipata chupa yenye picha ya machungwa. Na nilikuwa nawaambia, kwa sauti ya kitaalamu, "Kipimo ni kifuniko. Vifuniko viwili kwa ndoo." Kila mfugaji wa hapa alikuwa anapima dawa kwa kifuniko cha soda, na huo ujuzi niliueneza mimi. Wengine bado wanapima hivyo. Ukipita leo kwenye nyumba kumi hapa kijijini utakuta chupa ya machungwa juu ya ukuta wa zizi, na mwenye nyumba atakwambia watoto wake wana akili, hawagusi.

Hakuna mtoto wa mwaka na nusu mwenye akili hiyo. Ana mdomo, ana mikono, na ana kasi. Anayesema wake ni tofauti hajakaa naye siku nzima, kamuachia mkewe.

Siku hiyo asubuhi nilipulizia ndama wawili. Ikabaki dawa iliyokwisha kuchanganywa na maji, chini kidogo ya nusu chupa, na mimi sikuwa mtu wa kumwaga kitu. Dawa ile ikiwa peke yake ina rangi ya mafuta. Ikikutana na maji inakuwa nyeupe pepepe, hata wewe mtu mzima ungesema ni maziwa. Nikaimimina kwenye chupa ya soda. Kifuniko nikakitia mfukoni mwa koti, maana ndicho kilikuwa kipimo changu na nilikipenda kuliko kijiko. Chupa nikaiweka kwenye benchi lililokuwa mlangoni mwa jiko. Lile benchi ndilo mama yako alilokuwa anakukalisha kukunywesha uji kila siku asubuhi.

Mama yako alikuwa amekwenda kisimani. Hapa ndipo hadithi yako na yangu zinapoachana, kwa hiyo soma polepole. Kabla hajaondoka aliniambia, "Baba Salma, mtoto huyo hapo." Nikamjibu, "Namwona."

Nilikuona kweli. Ulikuwa unaburuta ufagio. Halafu jirani akaja mbio, ng'ombe wake amelala hainuki, Dokta anaombwa. Nikatazama njiani, nikaiona kanga ya mama yako kwa mbali inakuja katikati ya alizeti, ndoo kichwani. Nikasema moyoni, ameshafika huyo. Nikavaa koti nikaondoka. Kanga kwa mbali niliihesabu kuwa ni mtu aliye nyumbani. Hiyo ndiyo hesabu ya mwenye cheti.

Ng'ombe hakuwa na ugonjwa wowote. Alikuwa ameshiba, kalala. Lakini ningeondokaje hivi hivi na watu wamekusanyika? Nikamfunua kope, nikamgonga ubavu, nikazungumza habari za ini kwa muda mrefu. Nikaletewa chai. Nilikuwa katikati ya kikombe niliposikia mama yako ananiita, na sauti ile sijaisikia tena tangu siku hiyo.

Alikukuta umekaa chini ya benchi, chupa imelala mapajani, mdomo mweupe. Aliniambia baadaye kwamba kwa sekunde moja alifurahi, alidhani nimekupa maziwa. Kisha akainama akasikia harufu. Mpaka nafika alikuwa ameshakuvua gauni lililolowa, ameshakufuta mdomo kwa upindo wa kanga ndani na nje, anakuosha kifua na mikono kwa maji yale yale aliyotoka kuyateka. Alikuwa amekulaza kwa ubavu. Hakuna aliyemfundisha. Darasa la saba hakumaliza, semina hakwenda, na kila alichofanya kilikuwa sawa.

Akaniambia, "Twende. Twende barabarani sasa hivi."

Nikasema, "Subiri. Mimi ndiye najua mambo ya dawa."

Salma, kama kuna sentensi moja ningeweza kuirudisha mdomoni, ni hiyo.

Nikaagiza maziwa. Shangazi yako Hadija, aliyekuwa amefika na kilio chake kama kawaida, akaunga mkono: maziwa yanakata sumu, kila mtu anajua. Kila mtu anajua kila kitu hapa Ilongero. Ulikataa kunywa, nikakubana pua. Maziwa yakaingia. Hayakufanya kitu, nikaagiza mafuta ya alizeti, kikombe kizima, kwa sababu ng'ombe akila kitu kibaya tunampa mafuta. Nilikufanya ndama, mwanangu. Mafuta nayo yalipochelewa nikakutia kidole kooni. Ukatapika. Shangazi yako akamshukuru Mungu, mimi nikajiona nimeshinda. Kisha ukapaliwa. Ulikuwa unavuta pumzi na matapishi pamoja, midomo ikaanza kubadilika rangi. Mama yako akasema, "Unamuua." Nikamwambia anyamaze.

Kule hospitali daktari alinieleza, bila kunitazama, kwamba dawa zile zimechanganywa na kitu cha mafuta. Zikiteremka tumboni ni mbaya, zikirudishwa juu kwa nguvu zinaingia mapafuni na huko ni mbaya zaidi. Maziwa hayakati chochote. Mafuta yangu ya alizeti huenda yaliisaidia sumu kuliko yalivyokusaidia wewe. Kikohozi unachokipata kila kipupwe, kile ambacho wanaukoo wanakitazama halafu wanamtazama mama yako, ni kazi ya kidole changu hiki ninachoshikia kalamu.

Bodaboda siku hizo hazikuwepo. Tulipata lori la mbuzi lililokuwa linapakia mnadani, na dereva akawa anataka kwanza wapande mbuzi wote. Mama yako akapanda mbele bila kuombwa, akafunga mlango, akamwambia dereva kitu kimoja kwa Kinyaturu. Yule mtu akawasha gari na nusu ya mbuzi wakiwa chini. Mimi nikadandia nyuma, na huko ndiko nilikostahili kupanda.

Njiani ulianza kutoka mate mengi, jasho, mwili ukawa unacheza vipande vipande. Nilikuwa nachungulia kupitia dirisha dogo la nyuma. Ningependa kukuandikia kwamba nilikuwa nakuwaza wewe peke yako. Nilikuwa nakuwaza, ndiyo. Lakini nilikuwa nawaza pia fremu yangu. Nilikuwa nawaza wateja wangu watasema nini wakisikia mtoto wa Dokta kanywa dawa ya Dokta.

Hospitali pale mapokezi, kwenye viti, walikuwepo watu wawili wa Ilongero, wote wamewahi kununua dawa kwangu. Daktari wa zamu, kijana tu, akauliza, "Kanywa nini?"

Nikasema, "Mafuta ya taa."

Mama yako akageuza kichwa akanitazama. Daktari akakufungua macho kwa kidole. Mboni zako zilikuwa zimekuwa ndogo kama tundu la sindano. Akasema, "Mafuta ya taa hayafanyi mboni hivi. Baba, una uhakika?"

"Nina uhakika," nikasema. Na sikuishia hapo. Nikaongeza, "Mimi mwenyewe nina utaalamu kidogo."

Sijui ilipita dakika ngapi. Walikuwa wanakufuta, wanakuwekea hewa, wanahangaika na ugonjwa ambao hukuwa nao, kwa sababu baba yako aliona aibu mbele ya watu wawili ambao leo hata majina yao sikumbuki vizuri. Ulikuwa unakoroma. Ndipo mama yako akafungua fundo la kanga kiunoni. Akatoa chupa. Na pamoja na chupa akatoa karatasi ya fuvu, ile ya kwenye dumu, ameibandua yote na gundi yake. Aliibandua wakati mimi nimekushikilia nikiagiza mafuta. Akampa daktari mkononi na kusema, "Ni hii. Ilikuwa imeshachanganywa na maji. Alikunywa muda mfupi kabla mimi sijarudi kutoka kisimani, na baba yake akampa maziwa na mafuta akamtapisha."

Maneno machache tu. Kitu gani, kimechanganywa na nini, lini, na alipewa nini baada ya hapo. Daktari alisoma karatasi mstari mmoja akaondoka mbio. Walianza kukuchoma sindano, moja, wakasubiri kidogo, wakarudia, wakarudia, mpaka mate yakakauka na pumzi ikanyooka.

Mambo yalipotulia nesi mmoja mkubwa, mama mtu mzima, alikuja na ile chupa akaiinua juu. "Nani aliacha hii mahali pa mtoto? Na kifuniko chake kiko wapi?"

Wale watu wa Ilongero walikuwa wamesogea mlangoni kusikia. Mimi nikatazama ukuta. Kulikuwa na picha ya mama ananyonyesha, nikasoma maelezo yake yote mpaka chini. Kisha nikamtazama mama yako. Kutazama huko kulikuwa kunyoosha kidole, na kila aliyekuwepo alielewa hivyo.

Mama yako akasema, "Ni mimi. Kifuniko sijui."

Basi. Umekua na hadithi hiyo kwa sababu ya maneno hayo manne na kimya changu. Nesi alimgombeza mbele ya watu kama mtoto. Wale wawili walifika nyumbani kabla yetu. Shangazi yako akaongeza chumvi, akaniambia nimwache huyo mwanamke atakuja kuniulia watoto wote. Nilimwambia nimemsamehe. Hebu rudia kusoma hapo. Nilimsamehe mama yako, na watu wakanisifu kwa moyo wangu mkubwa.

Na kuna kubwa kuliko hilo. Mwaka uliofuata niliitwa kwenye mkutano wa kijiji nizungumze kuhusu kutunza dawa za mifugo. Nikasimama na koti langu. Nikawaeleza akina mama wawe waangalifu, wasiache chupa ovyo, watoto ni baraka. Nilitoa mfano wa nyumbani kwangu bila kutaja jina, na kila mmoja akajua ni nani. Mama yako alikuwa amekaa mstari wa pili, amekupakata. Watu walipiga makofi. Na yeye alipiga, mara mbili, kwa adabu, kisha akakurekebisha shali.

Unajua ni mara ngapi nimejidharau tangu siku ile? Si mara nyingi kama inavyostahili. Mtu huzoea. Unaamka, unakunywa chai aliyopika yeye, unazungumzia mvua. Miaka inakwenda na uongo unakuwa kama samani ya nyumba, unapita pembeni yake bila kujigonga. Alhamisi ndipo uliponigonga wewe.

Sasa utaniuliza kuhusu Nasra, maana ndiye mwenye barua hii kuliko sisi wote. Nyumba ya walimu uliyopewa ina vitu ambavyo sisi hatukuwa navyo. Una kile kidude cha kuwashia televisheni, na kile kichezeo cha mnadani kinachoimba, vyote vina betri, na mojawapo ni ya duara ndogo kama kifungo. Siku Nasra akiimeza, atatokea mtu wa kukwambia "atainya tu kesho". Mheshimu mtu huyo kwa umri wake na umpuuze kwa ushauri wake. Betri ile inaunguza koo kwa saa chache huku mtoto anacheka, hupaswi kusubiri choo. Kwenye kundi letu la ukoo kwenye simu, shangazi yako Hadija bado anasambaza ile ya maziwa na mayai mabichi kukata sumu, juzi tu kairudia na alama za mikono ya kuomba. Nimeiona na sikuandika chochote, unanijua sasa. Wewe usimpe maziwa, usimpe mafuta, usimtie kidole. Toa kilichobaki mdomoni, vua kilicholowa, osha ngozi, mlaze ubavu, chukua chupa au karatasi yake, panda bodaboda ya kwanza na uende hata kama anaonekana mzima. Na ukifika sema kweli. Hilo la mwisho linaonekana dogo. Ndilo lililonishinda.

Lakini haya yote unaweza kuyasoma popote, wewe ni mwalimu. Kitu ambacho huwezi kusoma popote ni kwamba yupo mtu aliyeyafanya yote hayo kwa mara ya kwanza, bila kufundishwa, huku mumewe mpumbavu akimwambia anyamaze. Yuko ndani humo, anakunja nepi za mwanao. Tangu mwanzo wa wiki alikuwa amefunga mfuko wake mdogo wa safari, ule wa bluu. Alhamisi jioni nilimwona anaufungua, anarudisha kanga zake kwenye kamba moja moja.

Na wewe usijione sana katika hili. Ulimhukumu mama yako kwa hadithi iliyosimuliwa na baba mwenye fremu ukutani, na hukuwahi hata siku moja kumuuliza yeye. Hiyo tabia umeirithi upande wangu.

Nilitaka kuishia hapo. Nilikuwa natafuta maneno ya kufungia mama yako alipotoka nje na beseni, akaniona nimeinama hivi. Akaniuliza mbegu gani hizo zisizokwisha. Nikaona kwamba nikimdanganya tena, hata kwa habari ya mbegu, nitakuwa nimeandika kurasa zote hizi bure. Nikampa daftari.

Amesoma lote hapa hapa kibarazani. Anasoma polepole, anafuata mstari kwa kidole, kwa hiyo nimekaa muda mrefu kama mtuhumiwa. Hakulia. Alipomaliza akasema, "Umekosea sehemu moja. Makofi sikupiga."

Nikamuuliza mbona siku ile hospitali alisema ni yeye. Miaka yote nilidhani aliniogopa, au alinipenda, na nilikuwa nimechagua kuamini kwamba alinipenda. Akanitazama kama mtu anavyomtazama mbuzi aliyeingia sebuleni. "Wewe ungeanza kujieleza," akasema. "Wangekaa kukusikiliza. Mtoto alikuwa bado anatetemeka."

Akaingia ndani. Akarudi na kile kikopo cha zamani cha poda anachowekea sindano na vifungo, akamimina juu ya daftari, akapekua kwa kidole, akaacha kitu kimoja kwenye ukurasa. Kifuniko cha soda, rangi ya chungwa, kimechubuka ukingoni. Alikikuta mfukoni mwa koti langu siku aliyolifua baada ya kutoka hospitali.

Nikamwambia, "Ulikuwa nacho muda wote."

"Nilikuwa nasubiri uniulize kama nimekiona," akasema. Kisha akachukua beseni lake akaenda kuanua nguo.

Kifuniko nimekitia kwenye bahasha hii, kipo chini ya karatasi, usikitupe ukidhani ni uchafu, na usimwache Nasra akakifikia. Barua nitakupa leo hii, kabla ya magharibi, uisome tukiwa bado chini ya paa moja. Kesho gari likija mfuko wa bluu uwemo au usiwemo, hilo ni lako na lake, mimi nimeshaamua mengi mno katika nyumba hii. Fremu nimeiteremsha. Ukutani imebaki alama nyeupe ya mraba, na mgeni akiuliza nitamwambia.

Baba yako